Meno Yanayoegemea Kushoto

4 Februari

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Natumaini mgongo umekupa nafasi ya kupumua na wajukuu hawajakupanda kichwani. Sisi huku wazima. Mama kikohozi kimemwachia, sauti imerudi yote, na majirani wameanza kujuta kumwombea dua. Anakusalimu sana. Anasema kama unaizima simu kwa makusudi, ujue na yeye anajua. Ndiyo maana naandika. Dereva wa lori la mbao ameahidi kukukabidhi barua hii mkononi, na kwa kuwa anapita huko kila anaposhusha mzigo, huna kisingizio cha kutonijibu.

Sasa habari yenyewe. Meza ya kunolea imesimama! Ile yako ya zamani mchwa walishaimaliza miguu, ilikuwa imebaki kusimama kwa heshima tu. Tajiri wa kiwanda alitaka kukigeuza chumba chako kuwa stoo ya mafuta ya mashine, na misumeno aipeleke kwingine. Nikamfuata ofisini, nikamwambia chumba hicho kina mwenyewe. Akacheka. Akasema mwanamke na msumeno wapi na wapi. Nikamwuliza huo msumeno ulimwambia lini kwamba unachagua. Tukavutana hadi akachoka. Amenipa mpaka mvua ziishe. Mbao zikitoka sawa, chumba ni changu na mikanda yote ya misumeno ya kiwanda ninanoa mimi. Zikiharibika, anaingiza mapipa yake.

Basi nimeijenga upya. Miguu ya mti mgumu, nimeifunga kwa bolti sakafuni ili isitikisike. Ukingo wa mbele nimeweka mbao mbili ndefu zinazobana mkanda katikati, meno juu, kama jiliwa lakini refu, ili nikipiga tupa mkanda usicheze. Kila upande nimesimamisha mkono wa mti wa kubeba sehemu ya mkanda iliyobaki, isining'inie ikavuta. Nimeiweka chini ya dirisha. Wewe ulikuwa umejibanza kule kwenye kona ya giza, sijui kwa nini, mwanga wote ule ulikuwa unawamulikia mijusi.

Nina swali moja. Kunoa ulinifundisha, lakini kupinda meno ulikuwa unajifungia peke yako. Najua jino moja linapindwa kushoto, linalofuata kulia, ili mkanda upate nafasi ya kupita kwenye mti bila kubanwa. Nisilolijua ni kiasi. Nimepata kipimo, kile cha sindano. Kila upande ulikuwa unapinda kiasi gani? Nataka nifuate kipimo chako, wateja wasione tofauti.

Mpwa wako.


26 Februari

Mpwa wangu mbishi,

Marahaba. Barua imefika. Binti yangu amenisomea kwa sauti, maana ana sauti nzuri na ni vizuri aitumie. Na wewe mwandiko wako umekuwa mdogo hivyo tangu lini? Karatasi unainunua kwa dhahabu?

Huku tuko salama. Kitanda ni laini mno, nikilala nazama, asubuhi wananivuta. Wajukuu wananiita "babu wa kelele" kwa sababu ya kukohoa, na mimi sikohoi hata kidogo. Mwambie dada yangu simu siizimi, inazimika.

Kuhusu meza. Kwa kuifunga sakafuni umefanya la maana. Tupa usiipeleke ilivyo kutoka dukani, kwanza ipunguze ncha ya pembeni, maana ukichimba kijifereji chenye kona kali kwenye shina la jino, ufa unaanzia hapo hapo. Kila jino lipewe haki sawa: ukimpiga huyu tupa mbili, na jirani yake mpige mbili. Jino la kwanza litie chaki, la sivyo utazunguka mkanda mzima na kuanza tena kama mlevi anayetafuta mlango wake. Na uangalie wakati wa kuufungua. Mkanda ni mjanja, ukiuachia vibaya unajigeuza ndani nje, meno yanatazama kusikotakiwa, na wewe unanoa siku nzima huku unajisifu. Mafundi wakubwa yamewakuta hayo. Mimi hayajanikuta.

Kupinda ni kazi ya jicho. Jicho ndilo kipimo. Nimelea kiwanda hicho kwa jicho langu tangu tajiri wako bado anafutwa makamasi.

Kona yangu usiiguse. Mgongo ukipata nafuu, kiangazi narudi. Nitakuonyesha mwenyewe.

Mjomba wako.


20 Machi

Mjomba wangu,

Shikamoo. Safari hii naandika kwa herufi kubwa, usinilaumu karatasi zikiwa nyingi. Mama mzima, anasema alikubeba mgongoni ulipokuwa huna jino hata moja, kwa hiyo habari ya simu kuzimika kawahadithie wengine. Paka wako amezaa ndani ya kona yako. Sikuigusa, ameigusa yeye.

Mjomba, mambo yameniharibikia.

Mkanda wa kwanza niliunoa kwa utulivu wote niliojaliwa. Nikapinda kwa kipimo, kushoto na kulia sawa, sindano haikutofautiana hata unywele. Mkata mbao wa kiwanda, yule Mkimya, akaufunga kwenye mashine, akapitisha gogo. Ubao ukatoka kabari! Nene huku, nyembamba kule. Akapitisha mwingine, kabari tena, na mkanda unalia kama unachinjwa. Tajiri akaja mbio. Aliyoyasema siyaandiki, binti yako asije akayasoma kwa sauti yake nzuri.

Kisha wakaleta mkanda wako mmoja uliobaki stoo, ulioupinda kabla hujaondoka. Wakaufunga. Ubao ukatoka umenyooka mwanzo mpaka mwisho. Wapakiaji wote wakageuka kunitazama. Mmoja akasema, "Dada, jiko linakuita." Nikamwambia aje anionyeshe lilipo, maana inaonekana analijua. Lakini nilirudi chumbani nikalia, sikufichi.

Nilipomaliza kulia nikauomba mkanda wako nikaupima. Meno yako ya kushoto yamelala zaidi ya ya kulia. Si jino moja wala mawili. Yote, mkanda mzima.

Sasa mimi nachanganyikiwa. Kila fundi anajua mkanda ukiegemea upande mmoja unavutwa upande huo, ubao lazima utoke kombo. Wako umeegemea, na mbao zinatoka sawa. Wangu hauegemei, na mbao zinatoka kombo. Kuna kitu sikioni. Ulikuwa unalaza kushoto kwa makusudi? Nijibu hilo tu, mengine yote tutayazungumza baadaye.

Mpwa wako.


11 Aprili

Mpwa wangu,

Marahaba. Huku mvua zimeanza vizuri. Mabati yanapigwa usiku na mchana, wajukuu wanacheza kwenye matope na mama yao anawafokea, nami nimekaa. Dada yangu msalimu. Hao watoto wa paka wagawe.

Umesema mwenyewe kwamba mkanda wangu ulikata sawasawa. Basi, unataka nini tena? Pinda kama nilivyopinda. Ukiwa na kipimo chako cha sindano, kipimo si kinaweza kuiga? Iga. Tajiri atanyamaza, wapakiaji watafunga midomo, chumba kitakuwa chako. Mwenye njaa hachagui ukoko. Mtu anapewa njia iliyokwisha kulimwa, yeye anataka kupita porini ili aonekane ana miguu!

Swali lako lile sikulielewa.

Mjomba wako.


2 Mei

Mjomba,

Shikamoo. Mama anakusalimu, na safari hii hakuongeza neno, jambo lililonitia hofu. Barabara imekatika kwenye bonde, dereva anasema barua hii inaweza kukaa kwake mpaka maji yapungue.

Swali langu ulilielewa. Wewe ni mtu wa kuelewa kabla mwenzio hajamaliza kusema. Ila sasa sihitaji jibu, nimelipata mwenyewe.

Mkanda wako wa stoo ulifanya kazi vizuri kwa muda. Kisha ukaanza kupata moto, upande wa kushoto peke yake, na juzi ulikatika ukiwa kwenye mwendo. Kipande kiliruka kikampita Mkimya karibu na sikio, kikajikita kwenye nguzo ya nyuma yake. Alikaa chini palepale kwenye maranda. Nilimpelekea maji, akayamwaga yote kifuani.

Nikaenda kuikagua mashine. Unakijua kile chuma kirefu ambacho ubao unaegemezwa ukisukumwa kwenye msumeno? Nyuma yake, upande mmoja, kwenye bolti, kuna kipande cha bati kimekunjwa mara mbili na kupachikwa. Kimeingia kutu. Kimekipindisha chuma chote kidogo, kiasi cha kuulisha msumeno mti kwa mshazari. Mkanda unaovutwa kushoto unakutana na mti unaokuja kwa kushoto, na ubao unatoka umenyooka! Mkanda ulionyooka ukifungwa hapo, huo ndio unaoonekana mbovu.

Nikamwuliza Mkimya, "Hili bati aliliweka nani?"

Akatazama pembeni. "Mimi."

"Lini?"

"Zamani. Mbao zilianza kwenda kombo. Nikajua ni meno."

"Mbona hukumwambia mjomba?"

"Mzee yule ndiye aliyenipa kazi hapa. Nimwambie nini, dada? Kwamba haoni?"

Mjomba, nilisimama pale kama nimemwagiwa maji. Kisha yakaanza kuja yote. Kona ya giza. Binti yako mwenye sauti nzuri. Mwandiko wangu uliokuwa mdogo ghafla. Na dereva aliwahi kuniambia, nami nikapuuza, kwamba siku moja alipokuja kukuaga ulimnyooshea mkono upande ambao hakuwapo.

Nilimwambia Mkimya atoe bati. Amekataa. Anasema akilitoa mbele za watu amekuvua nguo, na hawezi kukuvua nguo hata kama mkanda utamkata sikio. Nampenda kwa hilo, na ningeweza pia kumpiga kwa nyundo.

Kuiga siigi. Jino lililolala kupita kiasi linafanya kazi ya wawili, mkanda unasuguana upande mmoja, unachemka, unapasuka. Siwezi kukaa kwenye meza niliyoijenga kwa mikono yangu nikipinda kosa kwa kipimo cha sindano, kisha niende kusikiliza kama Mkimya bado anapumua. Chumba nakitaka. Nakitaka kuliko kitu chochote. Lakini kwa masharti hayo, tajiri na aweke mapipa yake.

Neno lako moja kwa Mkimya linatosha. Mwandikie, au washa hiyo simu umwambie alitoe. Ukisema wewe, halina aibu. Mvua zikiisha na hujasema, nitalitoa mimi, mchana, kila mtu akiwepo. Sikuombi ruhusa. Nakuarifu.

Mpwa wako anayekupenda, hata kama leo huamini.


9 Juni

Mjomba,

Shikamoo. Dereva anaapa kwamba barua yangu alikupa mkononi na kwamba uliiweka mfukoni bila kusema kitu. Barabara imepona, malori yanapita, barua yako haipo. Mama ameacha kuniuliza. Ananipakulia chakula, anakaa upande wa pili wa meza, ananitazama ninavyokula. Jana aliniambia, "Yule ni ndugu yangu mmoja tu niliyebaki naye." Nilimwambia najua.

Nimelitoa.

Tajiri alikuja kutazama kama mvua zimeisha na mimi nimeisha nazo. Wapakiaji walikuwepo wote. Nilifunga mkanda wangu mwenyewe, nikachukua spana, nikalegeza bolti. Mkimya alitoka nje, akasimama kwenye uwanja wa magogo akitupa mgongo. Bati lilikuwa limeshikana na chuma kwa kutu, nikaligonga na patasi mpaka likadondoka. Nikanyoosha chuma kwa uzi. Nikamwita Mkimya aje akate. Hakugeuka. Nikakata mimi.

Ubao wa kwanza tajiri aliupima kichwani, katikati na miguuni, kisha akaurudia kana kwamba futi ndiyo yenye makosa. Sawa. Wa pili, sawa. Mkanda haukulia wala haukupata moto. Niliwaambia waushike. Hakuna aliyekataa.

Kisha tajiri akaliokota lile bati. Si mjinga. Akaligeuza, akautazama mkanda wangu, akatazama kona yako, na tabasamu likaanza kumtoka. Akasema, "Kumbe mzee wetu alikuwa anatupigia ramli!" Wapakiaji wakacheka.

Mjomba, niliizima mashine. Nikamwambia hivi, na nakuandikia neno kwa neno kwa sababu utasikia kwa wengine: "Mzee wangu aliyapinda meno haya kwa jicho lililokuwa linakufa, na miaka yote hiyo uliuza mbao zake bila ubao kurudishwa. Wewe una macho mawili mazima na bati hili lilikuwa mbele ya pua yako. Anayetaka kumcheka aanze kwako." Nikafikiri hapo ndipo nimefukuzwa. Alilirusha lile bati kwenye maranda, akaenda ofisini. Baada ya muda akamtuma mtu kuniletea ufunguo wa chumba.

Nilidhani ningefurahi. Nimekaa na ufunguo mkononi, na ninachowaza ni kwamba umeiweka barua yangu mfukoni bila kusema kitu. Nimefanya nililosema nitafanya, na ningelifanya tena. Kama utanikasirikia mpaka kufa, nikasirikie, lakini nikasirikie kwa maandishi. Kimya chako sikiwezi.

Mpwa wako.


1 Julai

Wewe,

Marahaba. Sijakusamehe, tuanzie hapo. Usinibembeleze, na mwambie dada yangu asinibembeleze kwa niaba yako. Simu nimeiwasha kwa ajili yake, si yako.

Barua zako binti yangu amenisomea. Ile ya Mei nilimnyima kwanza, nikakaa nayo mpaka ya Juni ilipofika, ndipo akanisomea zote mbili. Hii ya Juni alipofika kwenye maneno uliyomwambia tajiri alinyamaza, nikadhani karatasi imeisha. Kumbe analia. Nikamwambia soma, si msiba.

Ni mtoto wa jicho. Kwanza lilishikwa jicho la kulia, kama ukungu kwenye kioo. Dirishani mwanga ulikuwa unanichoma, nikahamia konani. Nilijua mikanda inavutwa, nilikuwa nasikia kwa masikio inavyopita. Siku moja ikaanza kupita vizuri na mimi sijabadilisha kitu. Nikajua kuna mtu amenisitiri. Sikumtafuta ni nani. Nilishukuru, nikaendelea. Sasa unajua, na usiniulize tena.

Hilo la sikio la Mkimya ndilo lililoninyima usingizi, si maneno yako. Nimempigia. Tumeongea mpaka akacheka, na wewe unajua yule si mtu wa kucheka.

Huku mtaani kuna fundi wa fanicha ana msumeno wa mkanda. Tangu nilipohamia ananiomba nimnolee, nami nimekuwa nikimzungusha: leo mgongo, kesho mvua, keshokutwa mgongo tena. Wiki hii amekuja tena. Nimemkalisha kwenye kiti nikamwambia wazi, mimi kupinda meno siwezi, macho yamekwisha, nina mpwa wangu mwanamke ambaye ni fundi kuliko nilivyokuwa mimi nikiwa na yote mawili. Nilipolisema halikuniua. Nilikuwa nadhani litaniua.

Dereva anakuletea mkanda wake. Ufungue kwa uangalifu. Pinda kwa kipimo chako. Nimempa neno langu kwamba utakuwa tayari lori likirudi, kwa hiyo weka vingine vyote pembeni uanze na huu. Mimi ni mjomba wako, sipangi foleni.

Kiangazi sirudi kazini. Kona toa, weka unachotaka.

Mjomba wako.


19 Julai

Mjomba wangu,

Shikamoo. Mama amekuwa na simu sikioni tangu juzi, chakula kimeungua mara mbili na hajali. Mkimya ananiamkia tena asubuhi.

Mkanda wa fundi wako umefika. Umechoka lakini hauna ufa, utapona. Hauwezi kuwa tayari lori likirudi. Kuna mikanda ya kiwanda, na ya viwanda viwili vya ng'ambo ya mto vilivyosikia habari, na yote imefika kabla ya wako. Hapa anayetangulia ndiye anayenolewa. Utasubiri zamu kama wateja wengine. Ukiona nachelewa, panda lori uje unigombeze hapahapa mezani, nikupeleke kwa daktari wa macho wa hospitali ya mjini. Nimeshamwuliza. Anasema mtoto wa jicho anatolewa, na wewe una wawili.

Mpwa wako.